Kilemba cha Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ghala, na ghala lina milango mitatu!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na ghala moja. Mlango wa kwanza wa unga, wa pili wa asali, wa tatu wa mbegu. Milango hiyo ilikuwa inasema. Ukija na kofia, unafunguliwa unga tu. Ukija na kilemba cha mfalme, unafunguliwa yote, na chochote ulichoingia nacho kinafunguliwa kama wewe.

Mtunza ghala alikuwa Pimbi. Mfalme Nyati alimkabidhi vyote viwili, akamwambia, "Kofia ni ya kila siku. Kilemba ni cha siku ya kupanda, na ukimaliza ukivue."

Pimbi akakijaribu kilemba, akajiona kapendeza. Basi, hakukivua tena.

Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, kibaba cha unga nacho kinataka kilemba?"

"Nani ahangaike kuvaa na kuvua? Hiki kinafungua kote."

Siku moja akakuta mlangoni kikapu cha matunda ya kuyu. Juu kuyu, chini Panya kajikunyata. Pimbi hakupekua. Akacheka, "Watu wananiheshimu siku hizi!" Akaingia nacho, akakiweka, akachota unga wake, akatoka.

Panya akachomoza. Akala unga, akashiba.

Akaenda mlango wa pili. "Nani?" "Nimeingia na kilemba." "Pita." Akalamba asali.

Akaenda mlango wa tatu. "Nani?" "Nimeingia na kilemba." "Pita." Huko akatoboa ukuta kwa ndani, kulikokuwa laini, akaita ukoo mzima, wakahamisha mbegu zote.

Mawingu yakatanda. Wanyama wakaja na majembe. Mlango wa mbegu ukafunguliwa: maganda matupu.

Nyati akanguruma, "Enyi milango, mbona mmemfungulia mwizi?"

Milango ikajibu, "Sisi tumefungulia kilemba."

Pimbi akalia. "Nilifuata kibaba cha unga tu!"

"Na kofia ilikuwa pale msumarini," mkewe akasema.

Mvua ikanyesha siku hiyohiyo, mvua nzuri kweli, juu ya mashamba yasiyo na hata punje moja. Pimbi akakimbilia miambani kwa aibu, na mpaka leo yuko huko, kichwa wazi.

Basi sikieni, ninyi mnaosinzia na msiosinzia: mamlaka makubwa si vazi la kushindia. Kazi ndogo ifanye kwa ruhusa ndogo, ili mwizi akikupitia, asipite kote.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nilikuwa nimeazima masikio yenu, haya, nawarudishia.