Kibaba cha Mfuto

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, na jiko, na mwajiri wa kumlalamikia, palikuwa na bonde lenye kina kirefu, lisilo na daraja. Aliyetaka kuvuka aliingia ndani ya tenga, na hondohondo wakalibeba kwa kamba, mbawa zikivuma vuu, vuu. Mbele yao aliruka Mbayuwayu, mdogo kuliko wote, akiwatafutia njia ya upepo.

Mwenye tenga alikuwa Kiboko. Kwa kila safari alimlipa kila mmoja nusu kibaba cha mtama. Njaa ilipozidi waligoma, wakadai kibaba cha tele, kile kinachorundikwa mpaka kinamwagika.

Siku moja kabla ya harusi ya binti yake, iliyokuwa ng'ambo, Kiboko akawajia na gunia.

"Nimewasikia, wanangu. Kuanzia kesho ni kibaba kizima."

Akakijaza kibaba. Halafu akapitisha kijiti juu ya ukingo, fyaa, na punje zilizozidi zikarudi guniani.

"Huo ni mfuto, mzee," Mbayuwayu akasema. "Sisi tuliomba tele."

"Kibaba ni kibaba, kijana. Au wewe unakula kijiti?" Akacheka, akaenda zake.

Hondohondo wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa.

"Tukubali, ndugu yangu. Mke wangu amejiziba tunduni na makinda, ametoa ncha ya mdomo tu. Nikirudi mikono mitupu, nimwambie nini?"

"Mfuto utawashibisha wao," Mbayuwayu akajibu. "Wewe utakula nini? Kile kichuguu cha mtama juu ya kibaba ndicho chakula cha mrukaji."

Wote walijua anasema nini. Mke wa Mbayuwayu alianguka katika bonde lile lile, akiruka na njaa baada ya kuwalisha watoto. Tangu hapo mumewe hakuwa na maneno mengi.

"Nipeni asubuhi moja," akasema. "Mwambieni Kiboko tutamvusha. Yeye kibaba chake ni kibaba. Na sisi safari yetu ni safari."

Kulipokucha, Kiboko akajipakia kwenye tenga, kanzu mpya, kilemba kichwani. Hondohondo wote wakashika kamba. Vuu, vuu. Bonde likapita chini yao.

Ng'ambo, wakwe walikuwa wamejipanga juu ya genge, ngoma zinalia, ti-ti-ti. Tenga likakaribia, likapanda, kisha likasimama hewani. Mdomo wa tenga ulikuwa sawasawa na ukingo wa genge.

"Pandeni kidogo, nishuke," Kiboko akasema.

"Tumefika, mzee," Mbayuwayu akajibu. "Ukingo ndio huu."

"Nimefikaje, na mimi niko chini?"

"Hii ni safari ya mfuto. Tumekujaza mpaka ukingoni. Kilichozidi tumekirudisha guniani."

Upepo ukalisukuma tenga. Kiboko akachungulia chini, akaacha kuchungulia. Juu ya genge ngoma zikanyamaza.

"Baba," binti yake akaita, "mbona hushuki?"

"Nazungumza na wafanyakazi wangu, mwanangu."

Hondohondo mkubwa alikuwa akihema. "Mabawa yanawaka, ndugu," akanong'ona. "Tumshushe, yaishe."

"Vumilia. Shingo yake inatoka jasho kuliko yako." Mbayuwayu akatua kwenye kilemba cha Kiboko. "Tutakungoja, mzee. Sisi tumezoea kukaa hapa na njaa."

"Tele," Kiboko akasema kwa sauti ya chini.

"Upepo huu, mzee. Wakwe zako hawakusikia."

Kiboko akafumba macho. "Kibaba cha tele! Kila safari, kila mrukaji! Nasema mbele ya wakwe zangu!"

"Pandeni," Mbayuwayu akaamuru.

Vuu! Tenga likapanda, likatua juu ya genge, pu! Ngoma zikaanza upya.

Kesho yake Kiboko akapima mtama kwa mikono yake mwenyewe, ukarundikana, ukamwagika. Hondohondo mkubwa akala kwanza yeye, ndipo akawapelekea makinda. Mbayuwayu akaokota kile kijiti, akaruka nacho hadi katikati ya bonde, akakiachia. Akasikiliza mpaka kilipotua. Halafu akarudi kula.

Basi, wanangu, anayekupunja kipimo mpimie kwa kipimo hicho hicho, naye atajifunza kujaza.