Nani Amemfungia Mama Tusekile?

Kaeni, wapendwa, kaeni. Najua kwaya imetupandisha juu na hakuna anayetaka kushuka, lakini kabla sijafika kwenye somo la leo, nina mfano. Ni mfano wa kompyuta. Wazee wangu wa safu ya mbele, msisinzie. Huenda mkauelewa kuliko vijana.

Palikuwa na mama mmoja kule Tukuyu, fundi wa kushona majoho ya kwaya. Tumwite Mama Tusekile. Si muumini wa hapa, kwa hiyo msianze kugeuza shingo. Mama huyu alikuwa na mkono! Ukivaa joho lake, hata kama hujui sauti ya kwanza wala ya nne, unaonekana umeimba. Kwaya zikamjua kutoka Kyela mpaka Sumbawanga. Za jirani zilipita dukani zikapimwa. Za mbali zilimwandikia barua pepe: vipimo, rangi, tarehe ya tamasha. Kwa hiyo mezani pake, katikati ya vitambaa na chaki, alikuwa na kompyuta, na kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi alifungua ile programu ya barua, akasoma oda zake huku anakunywa chai.

Basi asubuhi moja akafungua, hakuna oda. Kesho yake, hakuna. Wiki ikapita, na nyingine. Si kwamba hakukuja kitu. Matangazo ya viatu yalikuja. Dawa ya kuotesha nywele ilikuja. Mtu asiyemjua kabisa alimpongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo hakuicheza. Hizo zote ziliingia bila kupiga hodi. Lakini kwaya? Kimya.

Ninyi mngefanya nini? Semeni kweli. Mama akafanya ambavyo kila mmoja wetu angefanya: akazima, akawasha. Akachomoa waya wa intaneti, akaupuliza, akauchomeka. Akajiandikia barua mwenyewe, neno moja tu, "Jaribio." Ikafika! Akaita fundi wa kompyuta. Fundi akafuta vumbi, akabadilisha waya, akahakikisha nywila ni sahihi, akaangalia kama sanduku limejaa, akachungulia hata kule programu inakoweka barua inazozitilia shaka. Mwisho akakunja vifaa vyake.

"Mama, mashine yako ni nzima. Barua zinatoka, zinaingia. Labda watu hawakuandikii tu."

Wapendwa, neno hilo lilimchoma kuliko pasi.

Alikuwa na mabinti wawili waliomsaidia kushona. Akawaambia, "Wanangu, pumzikeni kwanza nyumbani. Kazi ikirudi nitawaita."

Mmoja akamwuliza, "Mama, kwani tusiwapigie simu hao wateja tuwaulize?"

"Nipige simu niombe kazi? Nimewavisha wakapendeza kama malaika, leo wamenisahau. Kama wamenichoka, basi."

Mnaifahamu hiyo "basi"? Mnaifahamu. Wengine mmekuja nayo leo kanisani, imekaa hapo pembeni yenu.

Mabinti wakaenda. Cherehani zikafunikwa. Mama Tusekile akakaa dukani peke yake na mawazo, na mawazo yakikosa wa kuyajibu huwa yanazaa. Akaanza kuhesabu maadui. Fulani alinisalimia kwa nini vile? Fulani alipita hapa akatazama juu, alikuwa anatazama nini? Mwishowe akajitanda khanga, akaenda kwa mchungaji wake.

"Mchungaji, niombee. Kuna mtu amenifungia."

"Amekufungia nini, mama?"

"Riziki. Nakwambia kuna mtu amekaa mahali, ametamka neno, na neno lake limeshika."

Mchungaji yule hakubishana naye. Akamwekea mikono, akaomba: "Bwana, huyo aliyefunga, mlete hadharani tumwone." Na yule mama akaitikia "Amina" kwa sauti iliyowaamsha kuku wa mchungaji.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo hiyo mchana, amerudi dukani, hata khanga hajaikunja, akasikia, "Hodi hapa!" Akainua macho. Mlangoni amesimama mwenyekiti wa kwaya moja ya Mbozi. Na mjue, katika hesabu yake ya maadui, huyu alikuwa juu kabisa. Maana huyu mwenyekiti, baada ya Pasaka, alimwandikia barua kali kwamba majoho aliyoshona yana mikono mifupi kama fulana za mpira. Mama Tusekile akasema moyoni, Bwana, kumbe unajibu upesi hivi!

"Mama Tusekile, habari za siku?"

"Nzuri." Ile nzuri ya kukata na mkasi.

"Nimetoka Mbozi na basi la asubuhi. Namba yako ya simu sina. Nimekuandikia, nimekuandikia tena, hujibu. Nikasema, huyu mama labda anaumwa. Nikaona nije mwenyewe."

"Umeniandikia wapi? Hapa hakuna barua yako. Hapa hakuna barua ya mtu."

Mwenyekiti akatoa simu mfukoni. "Basi nakuandikia sasa hivi, tuko wote wawili. Tazama hapo kwenye kioo chako."

Akaandika, akatuma. Wakainama wote wawili mbele ya kompyuta. Barua ikaingia. Waliiona kwa macho yao, jina la mwenyekiti juu kabisa, na kabla mama hajaigusa, pu! Ikatoweka.

"Umeiona?"

"Nimeiona!"

"Imekwenda wapi?"

Mama akarudi nyuma, mkono kifuani. "Si nilisema! Si nilimwambia mchungaji! Tuma tena!"

Akatuma tena. Ikaja, ikatoweka. Mama akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na kompyuta imetulia tu, inanguruma kidogo kama paka aliyeshiba.

Mwenyekiti akavuta kigoda akaketi. "Mama, hii kitu haina akili wala chuki. Haijui kupenda wala kuroga. Ikifanya jambo lile lile kila mara, imeagizwa. Nani ameiagiza?"

Hapo, ndugu zangu, Mama Tusekile akakumbuka.

Akakumbuka siku ile ya barua ya mikono mifupi. Mwenyekiti aliandika kutoka anwani yake mwenyewe. Akaongeza nyingine kutoka anwani ya kwaya. Jioni akaongeza ya tatu kutoka anwani ya mkewe. Na zote zilianza hivi: "Shalom, mama." Shalom mama, umetuaibisha. Shalom mama, hujibu. Shalom mama, kwaya imechekwa. Mama akapandwa na hasira. Shalom gani hii yenye meno? Akaona akizuia anwani moja, mtu huyu atakuja na nyingine. Akaingia ndani ya ile programu, mahali pa kuweka sheria, akaandika: barua yoyote inayoanza na neno Shalom, itupwe moja kwa moja kwenye kapu la taka. Akabonyeza. Akajisikia vizuri. Akaendelea kushona, na akasahau.

Hasira ilikwisha, wapendwa. Iliondoka jioni ile ile. Lakini ile amri iliyotolewa na hasira ilibaki kazini, haina likizo, haina Jumapili. Na niambieni, katibu gani wa kwaya, kati ya Kyela na Sumbawanga, anaanza barua bila kusema Shalom?

Mnacheka. Hata mwenyekiti alicheka, mama alipomweleza huku amejifunika uso kwa khanga. Alicheka mpaka akashika meza. "Yaani umetufungia kanda nzima kwa ajili yangu?"

Wakafungua kapu. Lo! Zilikuwamo zote, zimelala moja juu ya nyingine kama majani ya mgomba. Shalom mama, tunaomba majoho ya Krismasi. Shalom mama, vipimo vyetu hivi hapa. Shalom mama, mbona kimya, tumekukosea nini? Shalom mama, kwa kuwa hujibu, tumeona tutafute fundi mwingine, ubarikiwe. Hiyo aliisoma mara mbili, na hapo hakucheka. Kwaya hiyo alikuwa ameivisha tangu ilipoanzishwa.

Kisha akafika chini kabisa, kwenye barua za mwanzo. Akaona jina la mwenyekiti. Akaifungua, akasoma, na mwenyekiti akaona mabega yake yanashuka.

"Shalom, mama. Nimekukosea. Tumefungua maboksi vizuri leo, kumbe sisi ndio tuliochanganya: tuliwavisha akina baba majoho ya akina mama. Kazi yako haina doa. Maneno yangu ya jana yalikuwa mabaya, naomba unisamehe."

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "hii uliiandika lini?"

"Kesho yake, mama. Kesho yake asubuhi."

Sikieni hapo. Kesho yake asubuhi! Msamaha aliokuwa anaudai kwa kununa, msamaha ambao angeusikia moyo wake ungetulia, ulikuwa umekwisha kufika. Ulifika na chai yake. Na mlango ulioukataa ulikuwa wa kwake, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Alikwenda kwa mchungaji akaomba aliyefunga aletwe hadharani, na Mungu, ambaye si mgumu wa kujibu, akamleta. Akamketisha mbele ya kioo, ajione.

Sasa tuache Tukuyu, tuje hapa. Sisi. Sisi tunaosema siku hizi hakuna anayenijali. Sisi tunaosema Mungu amenyamaza. Mtu mmoja wa kanisa alikuumiza, ukasema moyoni, watu wa kanisa wote ni wanafiki. Ukaandika sheria. Tangu siku hiyo, akija wa kanisa na neno jema, moyo wako unalitupa kabla hujalisoma. Mwanamume mmoja alikudanganya, ukafunga kwa wote. Ndugu yako alisema neno msibani, na wewe mpaka leo hujui kwamba kesho yake asubuhi alikuja mpaka kwenye geti lako. Tunatafuta mchawi, tunafunga na kuomba, tunabadilisha waya! Hatujauliza swali moja tu: niliamuru nini siku ile nilipokasirika?

Na mbaya zaidi, upuuzi wote unaendelea kuingia. Umbea unaingia. Ya kuuziana na kudanganyana yanaingia. Tulichozuia ni amani.

Sitahubiri zaidi ya hapo leo. Sasa ingekuwa zamu ya sadaka, lakini vikapu naomba vikae kwanza. Humu ndani kuna mtu ambaye wewe, ukimwona anaingia kwa mlango huu, unatokea kwa ule. Yumo. Wewe unajua alipoketi, na yeye anajua ulipoketi. Inuka umfuate. Huna haja ya maneno mengi, msalimie tu, na akikusalimia, safari hii mwache amalize.

Nendeni. Mwenye haraka atangulie, mimi na vikapu tutangoja.