Alama ya Gamba la Kakakuona

Ngano ipo?

Ipo, imwage!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Ngano ipo?

Ipo, imwage!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na soko lao, Bi Kakakuona alifinyanga vyungu. Chungu kikiwa kibichi, alikigandamiza kwa gamba la mkia wake, ikabaki alama. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Wanunuzi walitoka ng'ambo ya mto, ng'ambo ya mlima, ng'ambo ya ziwa, wote wakiulizia alama ile. Kakakuona alijisikia fahari, kifua kikamjaa.

Nyani akaona wivu. Akanunua chungu kimoja cha Kakakuona, akapima alama yake, akachonga kijiti kikawa sawasawa nayo. Akafinyanga vyungu vya udongo wenye mchanga, akavigonga alama, akavichoma haraka haraka, akauza kwa bei ya chee.

Kakakuona akaenda kwa Kiboko, mwamuzi wa soko. "Bwana Kiboko, Nyani anauza kwa alama yangu."

Kiboko alikuwa anatafuna tikiti alilopelekewa na Nyani. "Alama haina mwenyewe. Nenda zako."

Akaenda mara ya pili. Kiboko alikuwa anatafuna muwa aliopelekewa na Nyani. "Nimeshasema, mama. Nenda zako."

Majirani wakamnong'oneza, "Shoga, na wewe mpelekee kitu kidogo."

"Sipeleki! Haki yangu niinunue, kwani ni mchicha?"

Mara ya tatu hakwenda, aliitwa na Kiboko. Tembo wa ng'ambo ya ziwa alikuja na vigae. "Chungu cha Kakakuona kimepasukia jikoni, uji umewaunguza wanangu! Afukuzwe sokoni!"

Soko lile ndilo lililomlisha Kakakuona, na alama ile ndiyo jina la mama yake. Akaomba kigae chenye alama na punje za mahindi.

Akazipanga kwenye alama ya chungu alichofinyanga mwenyewe: zikaenea punje tatu. Akazipanga kwenye alama ya kigae: zikaenea mbili, ya tatu ikaanguka.

"Udongo hunywea ukikauka, hunywea tena motoni," alisema. "Gamba langu ni kubwa kuliko alama mnayoiona. Mwizi alipima alama iliyokwisha kunywea, na yake ikanywea zaidi. Angalimuuliza mfinyanzi!"

"Maneno ya jikoni hayo!" Kiboko akafoka. "Atoke sokoni!"

Mara, chururu! Asali ikatiririka kutoka chini ya kigoda chake. Wakachungulia. Kumbe Nyani alikuwa ameleta hongo ya tatu ndani ya chungu chake mwenyewe, chenye alama ya punje mbili, nacho kilikuwa kinavuja!

"Nani kakupa asali?" Tembo akauliza.

Kiboko akamtazama Nyani. Nyani alikuwa keshapanda mti.

Kiboko akavuliwa cheo cha mwamuzi, na mpaka leo mchana hujificha majini kwa aibu, pua tu nje. Nyani akaambiwa, "Shuka, finyanga, uza. Ila kwa alama yako mwenyewe."

Naye Kakakuona? Tembo alimwomba radhi, akanunua vyungu vitatu. Kakakuona akapita mbele ya kigoda kilichobaki kitupu, mikono mitupu vilevile, bila hongo, kichwa juu.

Fundisho ni hili: jina jema hutengenezwa kwa kazi, haliibiwi, na haki haina bei. Shindana na mwenzako kwa ubora wa kazi yako.

Ngano yangu nimeifunika chunguni. Anayetaka kuonja tena, aje na bakuli lake.