Kwa Nini Wimbi Hupita na Mzigo Hubaki

Zamani hizo, kabla maji hayajaachishwa kazi, wimbi lilikuwa mchukuzi. Tena mchukuzi hasa, si wa kubembelezwa. Mtu wa ng'ambo hii ya ziwa akitaka kumpelekea shemeji yake wa ng'ambo ile kikapu cha viazi, alikiweka juu ya maji, akayapiga maji kofi moja la nguvu, akarudi zake nyumbani kulala. Wimbi lilikibeba kikapu mgongoni mpaka kwa mwenyewe. Hapakuwa na kasia wala tanga, na viganja vya watu wa ziwani vilikuwa laini kama vya watoto wachanga, maana havikuwa na kazi nyingine ila kupiga kofi na kupeleka tonge kinywani.

Sheria ya uchukuzi ilikuwa nyepesi. Apigaye maji ni mtumaji peke yake. Mpokeaji hukaa akatulia, mikono mapajani, akangoja. Nalo wimbi, likishapewa amri, huishika hiyo hiyo mpaka lipewe nyingine.

Basi ikafika siku ya kumpeleka Nyamizi kwa mume. Nyamizi alikuwa binti wa ng'ambo ya mashariki, na wachumba alikuwa amewakataa wengi mpaka baba yake akaacha kufagia uwanja wa wageni. Alipomwona Lugoye, wa ng'ambo ya magharibi, hakukataa. Alimtaka kwa moyo wake wote, na safari hii baba mtu alifagia mpaka njia ya kisimani.

Lakini huko magharibi walikuwa na desturi yao ya ugali. Siku ya harusi mama mkwe husonga ugali wa mtama, mkubwa kama kichuguu, akautua kwenye ungo mchangani, ukingoni kabisa mwa maji. Bibi harusi akifika, hata miguu hajakausha, ananawa na kumega tonge. Ugali ukiwa wa moto, ndoa imesimama. Ukiwa umepoa, basi mizimu imemkataa. Anageuzwa kwao siku hiyo hiyo na haletwi tena. Hakuna rufaa.

Nyamizi akapakiwa kwenye hori ya kunyweshea ng'ombe, iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, pamoja na shangazi yake Ng'washi, mwanamke mfupi wa kimo lakini asiye na upungufu wa upana. Kazi ya shangazi ilikuwa kuhakikisha bibi harusi ameinamisha uso, hasemi neno wala hagusi maji. Mama yake Nyamizi akayapiga maji, wimbi likainua mgongo, hori ikaondoka kwa adabu zote.

Katikati ya ziwa ndipo mambo yalipoharibika. Kule magharibi mama yake Lugoye aliuona mvuke wa ugali unapungua, akaiona hori bado iko mbali, akakosa subira.

"Jamani, tunakaa tu kama mafiga? Mvuteni mkwe wangu!"

Ukoo mzima ukaingia majini mpaka magotini, ukaanza kuyachapa maji. Walidhani wanamvuta. Kumbe kofi halivuti, kofi husukuma. Wimbi la magharibi likaondoka mbio, likakutana na la mashariki chini ya hori ile ile. Hori ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena.

"Tumefika wapi?" akauliza Shangazi Ng'washi, macho kayafumba.

"Juu, shangazi."

"Sikuuliza juu, nimeuliza wapi!"

"Sasa ni chini, shangazi."

Na hapo, chini ya makalio yake, Nyamizi akasikia mazungumzo.

"Habari za utokako?"

"Njema. Nina mzigo nausukuma mashariki."

"Na mimi nina wangu, nausukuma magharibi. Wako uko wapi?"

"Si huu?"

"Aa, huu ni wangu, bwana."

"Basi tangulia wewe."

"Hapana, tangulia wewe, mimi nimekukuta."

Kila ng'ambo iliiona hori inarukaruka pale pale, na kila ng'ambo ikapata wazo lile lile: tuongeze nguvu. Mashariki waliitwa wajomba. Magharibi waliitwa hata majirani waliokuwa wamekuja kula tu. Makofi yakazidi, hori ikarushwa juu zaidi na kushuka chini zaidi, maji yakaanza kuingia, na pale ilipo haikuondoka. Nyamizi akachanganyikiwa kabisa. Watu wote waliompenda, wa nyuma na wa mbele, walikuwa wanamhangaikia kwa nguvu zao zote, na kwa sababu hiyo hasa hakuna alikokuwa anakwenda.

Akainua uso. Mvuke wa ugali ulikuwa umebaki kama uzi. Akasimama wima ndani ya hori, shangazi akimvuta kanga, akapaza sauti.

"Piteni! Kila mmoja ashike njia yake apite zake, na mzigo muuache hapo hapo ulipo!"

Alimaanisha tu yaache kumrusharusha. Lakini mawimbi yalisikia amri. Yakashusha pumzi, yakaushusha mzigo, kisha yakapenyana, moja ndani ya jingine, kama moshi wa majiko mawili. Kila moja likatokea upande wa pili likiwa zima, likaenda zake jepesi, limebeba mtikiso tu. Hori ikabaki.

"Hongera," akasema Shangazi Ng'washi. "Umewafukuza punda katikati ya safari. Sasa tutaota mizizi hapa."

Nyamizi akayaita mawimbi mengine. Yalipita chini yake, yakamwinua kidogo kwa heshima, yakamshusha, yakaondoka. Ndipo alipofanya ambalo bibi harusi hafanyi. Akatia mikono majini.

Akayasukuma maji kuelekea magharibi, kama mtu anavyoswaga mbuzi kule anakotaka kwenda. Hori ikaenda mashariki. Ufukweni mama yake alianza kigelegele, akakikatiza, hajui kama ashangilie au alie. Nyamizi akasukuma tena kwa nguvu zaidi. Hori ikazidi kurudi.

"Maji haya yana wazimu, shangazi!"

"Wazimu unao wewe. Unayasukuma, yanakusukuma. Hata mimi mtu akinisukuma namrudishia!"

Nyamizi akaviangalia viganja vyake. Kisha, polepole, akavigeuza. Ili afike magharibi ilimbidi ayasukume maji ya kwao, ayasukume kumwelekea mama yake, kama mtu anayefunga mlango asitake usikike. Hakupenda. Akasukuma.

Hori ikaenda mbele. Akasukuma tena, na tena, viganja vikachubuka, hori ikashika kasi ambayo hakuna wimbi lililowahi kuwa nayo. Ufukwe ukaja mbio.

"Acha sasa!" akapiga kelele shangazi.

"Nimeshaacha!"

Na kweli alikuwa ameacha, mikono iko mapajani, lakini hori haikuwa na habari. Iliendelea vile vile mpaka ikagonga mchanga. Hori ikasimama. Shangazi Ng'washi hakusimama. Alitoka pale alipokaa, akapita juu ya bibi harusi, akapita juu ya mama mkwe aliyekuwa ameinama, akatua kifudifudi, uso katikati ya ugali.

Lugoye akaacha mdomo wazi. Hakuna aliyejua kama hiyo ni salamu, au ni msiba, au ndivyo wanavyokula mashariki. Kisha kutoka ndani ya ugali ikasikika sauti.

"Mamaaa! Unaunguza!"

Mama yake Lugoye akapiga kigelegele mpaka korongo wakaruka. Nyamizi akanawa haraka, akamega tonge kando ya alama ya pua ya shangazi yake, akala. Akawa mke.

Na tangu siku hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitengua ile amri, wimbi halibebi tena kikapu cha mtu. Tupa jiwe ziwani uone: duara linakimbia mpaka ukingoni, na jani linapanda, linashuka, linabaki lilipo. Mawimbi mawili yakikutana hupenyana bila kugombana. Na atakaye kwenda mbele juu ya maji sharti ayasukume nyuma, ndiyo maana viganja vya watu wa ziwani vina sugu. Huko magharibi ugali wa harusi hautuliwi mbele ya bibi harusi mpaka ubonyezwe kishimo katikati. Mgeni akiuliza ni cha nini, huulizwa kwanza kama amekuja na shangazi yake.