Sare Iliyookoa Uwanja

Niwasimulie?

— Tusimulie!

Mtaamua?

— Tutaamua!

Haya, ila msiniamini harakaharaka. Mimi nilikuwa mshika kibendera pembeni ya uwanja, na mshika kibendera hamwamini mtu, hata mama yake mzazi akikatiza mstari.

Huko Marekani, katikati kabisa, mbali na bahari zote, kuna mji mdogo unaitwa Corbin Flats. Una kiwanda cha nyama, na humo kiwandani tumejaa sisi, watu wa Kigoma, wa Uvira na wa Bujumbura. Wenyeji wanapenda mpira, wallahi, lakini mpira wao. Wa kwanza ni ule wa helmeti, ambao wanauita mpira wa miguu huku wameukumbatia mikononi. Msiniulize kwa nini. Halafu kikapu, halafu besiboli. Soka lilikuwa mkiani huko, mchezo wa watoto wadogo, na mtoto akishaanza kuota ndevu wanamtazama kwa huruma kama bado anaucheza.

Kiwanja chetu kilipakana na uwanja mkubwa wa helmeti, na watu wa helmeti wakataka maegesho zaidi. Akaja Bi Colleen, afisa wa viwanja wa mji, mwanamke mrefu asiyekaa hata ukimpa kiti.

"Jumamosi mna mechi," akasema. "Nitakuja. Majukwaa yakijaa wenyeji, na wakabaki wamekaa hadi filimbi ya mwisho, kiwanja kinabaki cha soka. Wakiondoka, Jumatatu naleta lami. Na ndugu zenu msiniletee, nawajua."

Alitushuku, na sisi tukamshuku. Nani anakupa mtihani wa namna hiyo kama hajui kwamba utafeli? Na tukifeli, basi tena. Kiwandani sisi ni namba zilizoandikwa mgongoni. Pale kiwanjani ndipo mahali pekee mtu wetu alipoitwa kwa jina lake, tena kwa kelele.

Sasa wajueni hawa watatu.

Wa kwanza ni Mama Machozi wa Uvira. Kipaji chake ni pua. Anajua mtu anatamani nini kabla mwenyewe hajajua. Akatuambia, "Hawa watu nimewachunguza. Hawaendi kwenye mpira, wanaenda kwenye maegesho. Mechi saa nane, wao saa nne wameshawasha majiko nyuma ya magari yao, wanachoma, wanakula. Mpira ni kisingizio tu." Basi Jumamosi asubuhi akapanga majiko yake ya mkaa upande ule upepo unakotokea. Mishikaki, pilipili, ndizi za kuchoma. Moshi ukaingia mjini bila kubisha hodi. Saa saba wenyeji walikuwa wameshafika, wanauliza leo wanacheza nani.

Wa pili ni Sudi Kabwe wa Kigoma. Kipaji chake ni mdomo, na Mungu amsamehe. Watu walipokaa, baada ya muda mfupi wakaanza kuangalia saa zao. Mpira unakwenda, unarudi, hakuna bao. Sudi akashika kipaza sauti na kuwatangazia kwa lugha wanayoielewa. Kipa akamwita mdakaji, kama wa besiboli. Akaeleza kuotea kwa ule mstari wa helmeti ambao ukiuvuka mapema unaadhibiwa. Winga wetu alipochomoka, Sudi akapiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama aondoke akakaa tena, akamkemea mkewe kwa kumziba asione.

Wa tatu ni Wendell, mwenyeji halisi, babu yake amezikwa pale. Kipaji chake ni mikono. Alikuwa mdakaji wa besiboli mpaka timu yake ikafa kwa kukosa watazamaji. Alikuja mwenyewe kuomba namba ya kipa. Nikamuuliza, "Unataka nini kwetu?" Akajibu, "Kudaka." Jibu fupi hivyo mimi linanitia wasiwasi. Lakini alidaka! Dakika za mwisho kabisa, bado hakuna bao, wapinzani wetu wakapata penalti. Akaja kupiga mshambuliaji wao, Niyonkuru. Wendell akaruka, akaukamata mpira kwa mkono mmoja, akasimama nao ameuinua juu. Majukwaa yote yakasimama kumpigia makofi, kisha yakakaa.

Refa akapuliza. Bila kwa bila. Wachezaji wakapeana mikono, wakavua viatu.

Na wenyeji? Hakuna aliyeinuka.

"Nani kashinda?" akauliza yule mzee.

"Hakuna, babu," nikamwambia.

"Hakuna vipi? Sasa wanaongeza muda saa ngapi?"

Ndipo nikaelewa. Watu hawa wamezoea mchezo uendelee mpaka mmoja alie. Hawakujua kwamba saa moja na nusu ya jasho inaweza kuisha hivihivi. Wakakaa, wakasubiri, wakatafuna mishikaki. Jua likashuka, wao wamekaa. Bi Colleen akatazama saa yake, akayatazama majukwaa, akameza mate kama anayemeza dawa.

"Filimbi imelia zamani," akasema, "na wamejaa tele. Sawa. Mmeshinda. Ingawa kuna kitu hapa sikipendi."

Kisha akatoa ufunguo. Mmoja.

"Utaratibu wa mji ni huu. Ufunguo wa geti anashika mtu mmoja. Huyo ndiye anayeamua nani aingie, siku gani, na mchezo gani. Nipeni jina moja sasa hivi. Mkishindwa kukubaliana, nitajua hamwezi kukitunza, na lami itakuja."

Weee! Mngewaona wale watu watatu waliokuwa wamekumbatiana punde tu.

"Bila moshi wangu mngezichezea nyasi tu," akasema Mama Machozi.

"Wangekula wakaondoka, mama," akasema Sudi. "Waliobaki niliwashikilia mimi."

Wendell akasema taratibu, "Bao lingeingia, wangejua mechi imeisha. Wangekuwa njiani kurudi nyumbani."

Na wote watatu wamesema kweli.

"Wewe Sudi," akasema Mama Machozi, "umeongea mchana kutwa. Mbona hukuwaambia hata mara moja kwamba soka lina sare?"

"Kwani waliuliza? Na wewe mama, ile awamu ya mwisho ya mishikaki uliitia jikoni wakati filimbi inakaribia. Mtu hawezi kuacha nyama yake kwenye moto. Kesho ukiwa na ufunguo, hapa patakuwa kiwanja au mgahawa?"

"Afadhali mgahawa kuliko jukwaa lako la kugombea udiwani!"

Wakamgeukia Wendell. Huyu na Niyonkuru aliyekosa penalti wanafanya kazi meza moja kiwandani, na siku hizi wanacheka pamoja. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mstari, na ule mpira, jamani, ulipigwa kwa adabu mno. Tena asubuhi ile nilimwona Wendell peke yake katikati ya kiwanja, anapima kwa hatua. Hakuwa anapima goli. Alikuwa anapima pembe nne, kama za uwanja wa besiboli.

"Ulikuwa unapima nini?" nikamuuliza.

"Kumbukumbu," akasema. Halafu macho yake yakalowa. Nikamwonea huruma, na bado sikumwamini.

Bi Colleen amenyoosha mkono, ufunguo unaning'inia kidoleni. Watatu wale wakanitazama mimi, wakasema, "Wewe ulikuwa pembeni, umeona yote. Sema jina."

Mimi? Mimi simwamini hata mmoja wao, na akikosekana mmoja wao hatuna kiwanja.

Basi nawageukia ninyi, mliokaa hapa mpaka mwisho bila kuinuka. Pua, mdomo, au mikono: ufunguo mngemkabidhi nani? Semeni upesi, Bi Colleen anaangalia saa. Na asithubutu mtu kuniambia sare.