Chungu Kilichorudishwa na Maji Yake

Chungu kinachovuja hurudishwa na maji yake. Ndivyo diwani alivyomjibu mzee Ambakisye leo mkutanoni, alipolalamikia daraja, watu wakacheka, mzee mwenyewe akacheka, nanyi wajukuu zangu mkanitazama kama mlionyimwa nyama. Sogeeni basi. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Ikusya, na aliyeizaa ni dada yangu Sekela. Kuanza kwake kulikuwa hivi.

Lakini kwanza nawatega. Nina mgeni, akija hapiti mlangoni, hupanda juu ya nyumba, na akianza kuzungumza wenye nyumba wote hunyamaza. Msijibu sasa. Kaeni na kitendawili hicho, jibu litakuja lenyewe.

Mnajua wanawake wa kijiji hiki ni wafinyanzi tangu enzi za mabibi zetu. Zamani mtu wa mlimani akinunua chungu kwetu, akafika kwake akakiona kinavuja, hakuja na maneno. Alikijaza maji, akajitwika, akashuka nacho mpaka kwa aliyekifinyanga, akafika bega limelowa. Maana chungu kinachovuja kikikauka hufanana na kizima. Ukikileta kikavu, wewe utasema kibovu, mfinyanzi atasema kizima, na mtashinda mnabishana. Ukikileta na maji yake, mfinyanzi haulizi. Anaweka kidole panapotoka jasho, anakupa kingine, mnaagana vizuri. Huo ulikuwa utaratibu wetu, na tuliufuata bila kuufikiria, kama mtu anavyotembea.

Sasa, halmashauri ikatujengea darasa jipya la wanafunzi wa darasa la saba. Kuta za matofali, bati linalong'aa mpaka unafumba macho. Kabla ya hapo watoto walisomea banda la nyasi, kwa hiyo siku ya kulifungua tulicheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Lakini mwaka ule ule watoto wakaanguka mtihani. Mwaka uliofuata wakaanguka zaidi. Kisha ikaja habari kutoka halmashauri kwamba kwa kuwa Ikusya haifaulishi, darasa la saba litafungwa, na watoto wakamalizie shule ya mjini, kule juu.

Binti wa Sekela, Tupoke, alikuwa darasa la sita. Shule ya mjini haikuwa na bweni. Ingebidi apange chumba, mtoto wa kike ambaye hata ungo hajavunja, apike mwenyewe, ajifungie mlango mwenyewe. Sekela alisema afadhali mtoto aache shule. Halafu akalisikia neno alilolitamka, akakaa chini akalia.

Na kosa tulilijua. Darasa lile halikuwa na dari. Kwetu mvua hunyesha mpaka vyura wanachoka, na ikipiga lile bati mwalimu alikuwa anafungua na kufumba mdomo kama samaki. Basi wazazi tukasubiri kiangazi, barabara ikauka, tukapanda mjini kulalamika.

Afisa Elimu wakati huo alikuwa Bwana Machibya. Hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti, akatusikiliza, na wiki ile ile akashuka mwenyewe kuja kuona. Siku hiyo jua lilikuwa linapasua mawe. Akasimama nyuma ya darasa, mwalimu akauliza swali kwa sauti ndogo, watoto wakajibu wote. Afisa akatugeukia akasema anasikia hata chaki ikianguka, darasa zima, mwalimu mzima, labda watoto wetu ni wazito tu. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa pole. Neno lile wazito tukaondoka nalo. Tukarudi majumbani hatutazamani.

Haikupita muda, Sekela alikuwa anasugua chungu kwa kokoto ili king'ae, mwanamke wa mlimani akaingia uani. Bega limelowa. Akatua chungu chake chini, akajifuta shingo. Sekela akakitazama kile chungu, tone likatoka, likashuka, likaingia mchangani. Akaanza kucheka. Yule mteja akadhani anachekwa, akauliza kama kuna ubaya.

"Hapana, mwenzangu," Sekela akasema. "Wewe una akili kuliko kijiji kizima. Sisi tumerudisha chungu kikavu."

Akampa kingine, akakimbia na udongo wake mikononi mpaka kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Wakaafikiana wampelekee Afisa ujumbe wa heshima: wazazi wako tayari kusikiliza habari ya kufungwa darasa la saba, ila aje awaambie yeye mwenyewe, ndani ya darasa lile, katikati ya masika.

Mjue, Bwana Machibya alikuja. Gari lilinasa darajani, wanaume wakalisukuma, wanawake tukamsindikiza kwa miguu, suruali amekunja mpaka magotini. Tukajaa darasani, kila mzazi kwenye dawati la mwanawe. Na mvua, kwa ukaidi wake, ikakata. Afisa akatazama dirishani akasema naona mvua yenu imenikimbia. Watu wakacheka kidogo, lakini mimi nilimwona Sekela akibana vidole.

Ndipo akasimama. "Bwana Afisa," akasema, "tunasikia ulikuwa mwalimu kabla hujawa mkubwa. Kabla hujatufungia darasa, tufundishe kipindi kimoja tu. Tupe imla, kama ya watoto."

Mwalimu ni mwalimu. Akachukua chaki, uso ukachangamka, akaanza kutusomea sentensi. Ya kwanza tukaandika. Ya pili tukaandika. Akiwa katikati ya nyingine, mgeni wa kitendawili changu akapanda juu ya nyumba.

Naona mnacheka. Ndiyo, mvua kwenye bati. Mara tone, mara mawe, mara hakuna kitu duniani ila kelele ile. Bwana Machibya akapaza sauti. Akapaza tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Sisi tukaweka kalamu chini, tukakunja mikono, tukamtazama kwa adabu kama wanafunzi wema. Akaendelea kidogo, kisha akafunga mdomo. Akasimama na chaki yake, anatazama juu.

Mwishowe akaja kwenye dawati la Sekela, akainama sikioni mwake. Mimi nilikuwa nimebanana na dada yangu, nikayasikia.

"Huwa inanyesha hivi mpaka lini, mama?"

"Tangu mnafungua shule Januari mpaka likizo ya Juni, baba."

"Na nyie mlinileta kiangazi."

"Tulikuletea chungu kikavu. Leo tumekileta na maji yake."

Ilipopungua akarudi mbele. Hakuzungumza habari ya kufunga darasa. Alisema, "Watoto wenu si wazito. Nilitazama kikavu, nikasema kizima. Nisameheni." Mkubwa kusema hivyo mbele ya wanawake wenye udongo kwenye kucha, si jambo dogo, nami namheshimu mpaka leo.

Halmashauri ikaleta mbao na dari, na wakati mafundi hawajafika, sisi tulisuka majamvi tukayatundika chini ya bati, mvua ikawa inanong'ona tu. Darasa la saba likabaki Ikusya. Tupoke alimalizia hapa hapa, akilala kwa mama yake, akafaulu. Mnamjua. Ndiye huyo mwalimu wenu wa darasa la saba, anayewapa imla masika na kiangazi bila kupaza sauti.

Na Bwana Machibya akaondoka na neno letu. Kila mzazi aliyefika ofisini kwake akifoka, alimwekea kiti na kumuuliza, umekuja na maji? Nionyeshe panapovuja, saa inapovuja. Wengine wakalichukua, likapanda milima, likavuka wilaya. Leo wanalisema watu ambao hawajawahi kuona chungu chetu hata kimoja. Lakini ninyi mkilisikia, inueni vichwa, ni la kwenu.

Basi mzee Ambakisye akitaka daraja lake litengenezwe, amwite diwani siku mto umejaa. Chungu kinachovuja hurudishwa na maji yake.