Fisi Ajitolea Kutembea Nyuma

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja kabisa, na za masika zilinyesha siku mbili zikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mto Kilembwe ukabaki mchanga mtupu. Simba, mfalme wa bonde lile, akatangaza kwamba mpaka mvua zirudi hakuna mnyama kumla mwenzake. Yeye mwenyewe alikula nzige, na hakupenda jambo hilo lizungumzwe.

Maji yalibaki mahali pamoja tu: kwenye maporomoko yaliyokuwa ndani ya msitu, juu mlimani. Aliyewahi kufika huko alikuwa Fisi peke yake, au ndivyo alivyosema. Basi wanyama wakakutana kupanga safari.

"Ni matembezi tu," Fisi aliwaambia. "Mnaondoka asubuhi kwa njia ya mgongo wa mlima, mchana mnaoga. Kivuli mwanzo mpaka mwisho. Hata mzee anafika."

Bibi Kuro akainua kichwa. Alikuwa kuro mkongwe, wa jamii ya swala wakubwa wa rangi ya kahawia, mguu wake mmoja wa nyuma ulivunjika zamani ukaunga vibaya, naye alikuwa ameshaamua kubaki nyumbani na kiu yake. "Hata mimi?"

"Wewe hasa, mama," Fisi alisema. "Wewe huwezi kuachwa. Mimi nitatembea nyuma kabisa, nimsaidie kila atakayechoka. Karibu na kufika kuna kona kubwa yenye majani laini. Ukichoka lala hapo, nitakuja kukuamsha."

Wanyama wakaguswa. Hawakuwahi kumwona Fisi akiwa na huruma ya namna ile. Ngiri alitokwa na machozi, na katika kiangazi kama kile machozi hayakuwa kitu cha kumwaga ovyo.

Sungura peke yake ndiye aliyeuliza. "Kaka Fisi, na mbele atatangulia nani?"

"Mfalme."

"Mfalme anaijua njia?"

Simba akageuza shingo polepole. "Mimi njia zote nazijua. Safari ni kesho kutwa, kama alivyopanga Fisi. Nimeshasema."

Simba akishasema, hasemi tena.

Siku iliyofuata Sungura alipanda mlima peke yake kuikagua njia. Akakuta kumbe njia ni mbili. Ya kwanza ilifuata mkondo mkavu wa mto, tambarare, hata kobe angepita akipiga mluzi. Ya pili, ya mgongoni, ilipanda mawe juu ya mawe mpaka kwenye ile kona. Pale palikuwa na majani marefu, na katikati yake yalikuwa yamelazwa vizuri, upana wa kuro mmoja. Nyayo za Fisi zilizunguka pande zote, kama za mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Sungura akashuka moja kwa moja hadi kwa Bibi Kuro, akamweleza yote.

Bibi Kuro alitafuna mate yasiyokuwepo. "Mjukuu wangu, nikibaki kiu itaniua kabla ya Ijumaa. Nikienda, huenda nikafika. Nitakwenda."

"Basi ukifika kwenye kona usilale, bibi. Hata magoti yakikuomba."

"Na Simba humwambii?"

"Nimwambie amekosea?"

Bibi Kuro akakubali kwamba hilo haliwezekani.

Asubuhi ya safari walipanga mstari. Simba alitangulia, kifua mbele. Fisi alikuwa wa mwisho, akiwasalimia wote kwa majina. Mawe yalipoanza, mstari ukarefuka. Simba, mwenye nzige watatu tu tumboni, alihema sana, ila alihema kwa heshima. Sungura akamsogelea.

"Mfalme, kule nilikozaliwa mfalme hatangulii. Hukaa pembeni, raia wote wakapita mbele yake. Na akijificha kidogo, humjua anayemsema."

Simba alitazama mlima uliobaki. "Nilikuwa nimeshaliwaza hilo," alisema.

Kwenye kona kubwa aliyaona majani yaliyolazwa, akaona yanamfaa, akajinyoosha. Kichwa kikazama majanini, ukabaki mgongo wa rangi ya kahawia. Raia wakapita. Kabla ya mnyama wa saba, mfalme alikuwa amelala fofofo.

Bibi Kuro alifika akiwa hoi. Magoti yalimwomba. Alisimama akiyatazama majani, machozi yakimlenga, kisha akauma meno na kuchechemea hatua nyingine, na nyingine, Sungura akimsukuma kwa nyuma kwa paji la uso, hadi wakapita mwamba na kutoonekana.

Fisi akatokea. Alikuwa amechelewa makusudi ili usingizi ukolee. Aliuona mgongo wa kahawia ukipanda na kushuka.

"Umelala, mama?" aliuliza kwa upole. "Pole na safari. Sasa umefika."

Akang'ata paja.

Ngurumo iliyofuata iliangusha kokwa mitini. Wanyama wote wakarudi mbio, wakamkuta Simba amesimama, paja linavuja damu, na Fisi chini ya kiganja chake.

"Nilikuwa namsaidia aliyechoka," Fisi alisema.

"Kwa meno?"

"Mikono yangu haishiki vizuri."

"Na mimi sikuwa nimechoka," Simba alisema. "Wala sikulala." Hakuna aliyemuuliza. "Hapa ulimtarajia nani?"

Bibi Kuro akajitokeza. "Mimi, mfalme. Ndiye aliyeniambia nilale hapa."

Ngiri akayatazama yale majani, akazitazama nyayo, akajutia machozi yake.

Simba alimpiga Fisi kofi moja la kiunoni na kumfukuza atoke bondeni kwa kuvunja amri. Fisi akashuka yale mawe akibingirika zaidi ya kukimbia, kiuno kimebonyea, na mpaka leo hakijanyooka. Maji ya maporomoko aliyasikia kwa masikio tu.

Wengine wakafika. Wakanywa hadi matumbo yakalia kama ngoma. Bibi Kuro alisimama ndani ya maji mpaka shingoni, amefumba macho.

Jua lilipoanza kupungua makali, Simba akawakusanya warudi kwa njia ya mkondo, ambayo alisema aliijua tangu zamani. "Nani atatembea nyuma?" akauliza.

Kila mmoja alitazama pembeni. Hakuna aliyetaka kujitolea, na hakuna aliyetaka mwingine ajitolee.

"Mimi nitatembea mbele," alisema Bibi Kuro. "Wenye miguu mizima wafuate mwendo wangu."

Walirudi polepole sana. Walirudi wote.